Kabla ya Kununua Kiyoyozi Kingine: Barua ya Wazi kwa Wakala wa Majengo Tanzania

Kwa Mtendaji Mkuu na wataalamu wote,
Wakala wa Majengo Tanzania (TBA).

YAH: KUPIGA PICHA ZA JOTO KWENYE MAJENGO YA SERIKALI

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Nakuandikia wewe kwa sababu Wakala unasanifu, unajenga na kutunza sehemu kubwa ya majengo ambamo watumishi wa umma wanafanya kazi na kuishi. Ninalokuomba ni hili: kila jengo jipya la Serikali linalotumia viyoyozi lipigwe picha za joto mara 2, siku linapokabidhiwa na tena kabla kipindi cha matazamio hakijaisha, na pesa ya mwisho ya mkandarasi isitoke mpaka kasoro zilizoonekana ziwe zimerekebishwa. Kwa majengo ya zamani, ofisi yoyote isipewe kibali cha kununua kiyoyozi cha ziada kabla paa lake na dari lake havijapimwa.

Utaratibu tulionao sote tunaujua. Watumishi wanalalamika joto, mkuu wa idara anaandika barua ya kuomba kiyoyozi, fedha zikipatikana fundi anakuja anatoboa ukuta na kukifunga. Baada ya mwaka malalamiko yanarudi, na kiyoyozi cha pili kinafungwa kando ya kile cha kwanza. Katika mlolongo wote huo hakuna hatua ambapo mtu anauliza joto linaingilia wapi. Tunanunua ubaridi bila kujua tunapambana na nini, halafu tunaulipia kila mwezi kwa fedha za walipa kodi.

Niruhusu nieleze jambo moja nililoliona kwa karibu, katika ofisi ya ghorofa ya juu hapa Dar es Salaam, jengo ambalo sitalitaja. Ilikuwa Februari, saa 9 alasiri. Rimoti ilisoma 18, kipimajoto kilichokuwa mezani kilisoma 25, na bado akina mama wawili waliokaa karibu na dirisha walikuwa wakijifuta jasho kwa leso. Nilipoielekeza kamera yangu ya joto juu, dari la jipsamu lilisoma nyuzi joto 39. Kwenye picha ilionekana mistari iliyopoa kidogo, imepangika kama mbavu: hizo ni mbao zilizoshikilia jipsamu, ambazo kwa unene wake zilikuwa zinapunguza joto kuliko ubao wa jipsamu wenyewe. Kila tundu la taa lilikuwa doa jekundu, maana hewa ya moto ya darini ilikuwa inashukia hapo. Lakini pembeni, juu ya kabati la mafaili, palikuwa na mstatili wa buluu, umenyooka pande zote, uliopoa kuliko dari lote lililobaki. Tukapandisha ngazi na kuchungulia. Mafundi waliofunga viyoyozi walikuwa wameacha huko juu maboksi matupu pamoja na yale mapande meupe ya povu gumu yanayozuia mashine isigongwe njiani. Takataka ile, iliyosahauliwa kwa bahati, ndiyo iliyokuwa kizuia joto pekee katika paa zima la jengo.

Kile kipande cha dari hakikugharimu chochote, na kilikuwa kimefanya kazi ambayo viyoyozi vilivyofungwa chini yake vilikuwa vinashindwa kuifanya.

Sababu iko wazi kwa yeyote anayelijua jua la kwetu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mara 2 kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kwa hiyo sehemu ya jengo inayopigwa na jua kuliko zote ni paa, likifuatiwa na kuta za mashariki na magharibi. Bati lisilo na kivuli wakati wa mchana linaweza kupita nyuzi joto 60. Chini yake kuna kenchi, hewa iliyofungiwa, kisha jipsamu yenye unene wa kama sentimita 1. Ngozi ya mwanadamu huwa karibu nyuzi 34, na dari likizidi hapo linakumwagia joto moja kwa moja, kama jua linavyofanya, bila kusubiri hewa ya chumbani ipate moto. Ndiyo maana mtumishi anaona kipimo kinasoma 25 na bado mwili wake unamwambia kuna joto. Mwili haukosei. Anachukua rimoti na kushusha mpaka 16, mashine inakimbia mchana kutwa, na dari linabaki vilevile.

Kamera hii haina muujiza. Kila kitu kinatoa miale ya joto isiyoonekana kwa macho. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka vipimajoto kwenye mwanga uliopitishwa katika kioo cha pembetatu na kukuta joto hata nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote. Kamera ya leo inaipokea miale hiyo na kuipa kila nukta ya picha nyuzi zake. Kamera ndogo yenye nukta 160 kwa 120 inachukua vipimo 19,200 kwa mpigo mmoja. Haioni ndani ya ukuta, wala haipenyi hata kioo cha dirisha. Inasoma uso wa kitu tu. Lakini uso wa ukuta au dari unasimulia mengi kuhusu kilicho nyuma yake.

Katika nchi za baridi wameitumia kwa miaka mingi kutafuta mahali joto la ndani linapotorokea nje. Sisi tuna kazi ya kinyume chake, na ni ngumu zaidi kidogo. Wao wakati wa kipupwe wana tofauti ya nyuzi 20 au zaidi kati ya ndani na nje, hivyo kila upenyo unajionyesha. Kwetu chumba chenye kiyoyozi na uwanja wa nje wenye kivuli vinaweza kutofautiana nyuzi 8 tu. Kwa hiyo lazima tulitumie jua lenyewe: tupige dari mchana na alasiri, lakini kuta za magharibi tuzipige jioni. Ukuta wa bloku hupokea joto saa 9 na 10 na kulifikisha ndani saa kadhaa baadaye. Katika nyumba za watumishi jambo hili lina uzito kuliko ofisini, kwa sababu wakati huo ndipo watoto wanapokwenda kulala. Mzazi anawasha kiyoyozi usiku na kuona umeme wa luku unavyoisha, kumbe anapambana na jua lililozama tangu saa 12 na nusu.

Upo pia upenyo wa hewa, ambao pwani una hasara mbili. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kiyoyozi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuutoa unyevu huo na kuugeuza maji yanayodondoka kwenye bomba nje. Hewa mpya ikiingia chini ya mlango au kwenye dirisha la alumini ambalo mpira wake umekauka, mashine inaanza kazi ya kukamua upya. Kwenye picha upenyo kama huo unaonekana kama ulimi: ndani ulimi wa joto unaopanda ukutani, nje ulimi wa baridi unaolamba sakafu ya korido. Mpira wa dirisha na brashi ya chini ya mlango ni vitu vya dukani Kariakoo.

Nimeitaja Kariakoo, na siwezi kuipita hivihivi. Soko lile lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970 lilijengwa kwa watu wengi na joto jingi, chini ya miavuli mikubwa ya zege, hewa ikipita. Wasanifu wa kizazi chake walijua jua linatoka wapi na upepo unavuma kutoka wapi, wakaweka vibaraza, vikinga jua na matundu ya hewa. Ujuzi huo haujapotea. Nina hakika umo ndani ya Wakala na umo Chuo Kikuu Ardhi. Kilichopungua ni uthibitisho. Msanifu anapomwambia mshitiri kwamba ukuta wa vioo upande wa magharibi utamgharimu, anaonekana anakwamisha mradi. Akiweka mezani picha ya jengo la jirani lenye ukuta kama huo, nyuzi zimeandikwa juu yake, mjadala unakuwa mwingine.

Sasa nije kwenye makabidhiano, maana hapo ndipo ombi langu lina nguvu. Mchanganuo wa gharama unaweza kuonyesha kizuia joto juu ya dari lote. Siku ya makabidhiano kamati inapita vyumba vyote, inawasha taa, inafungua mabomba, inagonga milango. Nani anapanda darini? Na hata akipanda, ataona mita chache kutoka kwenye mlango wa kuingilia. Kizuia joto kinaweza kuwa kimewekwa nusu, kimerundikwa pembeni, au foili imelazwa ikiwa imegusana na bati. Foili ya namna hiyo haifanyi kazi iliyolipiwa, kwa sababu inahitaji nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa ili izuie miale. Hakuna jicho litakaloyaona hayo kutoka chini. Kamera inayaona yote kwa muda wa kutembea kutoka chumba hadi chumba.

Kwa nini mara 2? Kwa sababu ya majira. Jengo likikabidhiwa Juni au Julai, wakati wa kusi, kila mtu anatabasamu. Upepo umepoa, hata dari lisilo na kitu halijionyeshi. Subiri kaskazi. Picha za Februari ndizo zitakazosema ukweli, na kwa kuwa kipindi cha matazamio kwa kawaida ni miezi 12, kila jengo litapitia kaskazi moja kabla mkandarasi hajafunga hesabu. Muda huo tunao tayari katika mikataba. Tunauacha upite tukihesabu nyufa za plasta na vitasa vilivyolegea.

Dodoma inahitaji mpango wake. Mji wa Serikali wa Mtumba uko kwenye nyanda kavu, juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, jua kali mchana na baridi ya kweli usiku wa Juni na Julai. Huko mpimaji atapata tofauti kubwa ya joto kati ya ndani na nje alfajiri, jambo ambalo mpimaji wa Dar es Salaam halipati kamwe. Ukuta mzito unaotesa watu Dar usiku unaweza kuwa rafiki Dodoma, ukipokea joto la mchana taratibu na kulitoa wakati wa baridi. Kwa hiyo nakusihi msiandike mwongozo mmoja kwa nchi nzima. Kinachofaa Tanga hakitafaa Njombe.

Nina hofu moja, na ni lazima niiseme mbele ya wataalamu. Picha hizi zinavutia, na kinachovutia huuzwa. Wapo watakaokuja na picha za rangi nyekundu na zambarau ili wauze rangi ya paa au viyoyozi vipya. Nyekundu haimaanishi moto. Kamera ikiachwa ijipangie rangi yenyewe, hugawa rangi zote kati ya nukta iliyopoa kuliko zote na yenye joto kuliko zote, hata kama tofauti ni nyuzi 2 tu, na ukuta usio na tatizo lolote utaonekana unawaka. Bati jipya linalong'aa ni mtego mkubwa zaidi. Chuma kinachong'aa hutoa miale michache na kuakisi ya vitu vingine, kwa hiyo ukilipiga kutoka nje siku ya anga jeupe kamera inasoma anga, na bati linaloweza kukuunguza kiganja linaonekana limepoa. Fundi anayejua kazi yake hubandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya bati, husubiri kidogo, kisha husoma joto la utepe. Asiyejua ataandika ripoti kwamba paa ni zuri.

Basi kila picha itakayopokelewa na Wakala iwe na saa iliyopigwa, hali ya anga, joto la ndani na la nje, na kipimo cha rangi kilichofungwa kwa viwango vilevile kwa jengo zima. Bila hayo, irudishwe.

Kuna chumba kimoja katika kila jengo ambacho ningetaka kianze kabla ya paa. Ni chumba cha bodi kuu ya umeme. Mimi ni fundi sanifu wa umeme, na nimefungua bodi nyingi za majengo yaliyoongezewa viyoyozi kimoja kimoja bila mtu kukokotoa upya mzigo. Skrubu ya terminali ikilegea, upinzani unapanda na mahali hapo panapata moto. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto linaongezeka mara 4. Mwenye macho haoni kitu mpaka plastiki ibadilike rangi au inuke. Kamera inaonyesha breka 3 za mzigo mmoja, mbili za buluu na moja nyeupe kwa joto. Kanuni inayotumiwa na wakaguzi ni rahisi: vifaa viwili vya aina moja vyenye mzigo sawa vikipishana kwa zaidi ya nyuzi 15, hiyo ni kasoro kubwa ya kurekebishwa mara moja. Umeme unaopotea kwenye kiungo kimoja kilicholegea si mwingi, sitaki kukudanganya kwamba bili itashuka kwa sababu hiyo. Ninachoogopa hapo ni moto, katika majengo yanayobeba mafaili ya ardhi, ya mirathi na ya wagonjwa. Sharti ni kwamba bodi ipigwe picha ikiwa na mzigo, yaani alasiri ya kazi, viyoyozi vyote vikinguruma. Bodi iliyopimwa Jumapili haijapimwa. Na kwa kuwa kifuniko lazima kifunguliwe umeme ukiwa unapita, kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni na mavazi ya kinga.

Nimesikia hoja kwamba sasa umeme upo, tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Nafurahi kwa bwawa lile kama kila Mtanzania. Mitambo yake 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, ni mali kubwa ya nchi hii. Lakini umeme uliozalishwa Rufiji ukaja kuishia kwenye dari la bati bila kizuia joto ni umeme ambao haukufika kwenye kiwanda cha mtu wala kwenye zahanati ya kijiji. Na bili ya ofisi haijui kama bwawa limejaa.

Jirani zetu Kenya walitunga kanuni za usimamizi wa nishati mwaka 2012, zilizowataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia umeme mwingi kufanya ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka 3, na baada ya ukaguzi kutekeleza sehemu ya mapendekezo. Nachukua kutoka kwao jambo la pili hasa: ukaguzi unaofuatwa na wajibu. Ripoti nzuri iliyofungiwa kabatini haijapunguza uniti hata moja.

Gharama haitutoi jasho. Kamera ya kufaa kazi hii bei yake ni kama ya viyoyozi vichache vya ukutani, na moja inaweza kuhudumia mkoa mzima. Tiba nyingi ni za kawaida: kizuia joto juu ya dari, rangi nyeupe juu ya bati na ratiba ya kuliosha vumbi kabla ya kaskazi, matundu ya kutoa hewa ya moto kwenye kipeo cha paa, kivuli kwenye dirisha la magharibi, kuhamisha mashine ya nje ya kiyoyozi iliyofungiwa kwenye kibaraza ikivuta tena hewa yake yenye moto. Kigumu ni watu. Wafundishwe mafundi sanifu wa Wakala wa mikoani, wafundishwe wanafunzi wa vyuo vya ufundi kama DIT na VETA, na wasipewe kamera kabla hawajaelewa kwa nini bati linadanganya.

Mkitaka kuanza kidogo, chagueni jengo moja Dar es Salaam na moja Mtumba, yale yenye malalamiko mengi ya joto na bili kubwa. Pimeni Oktoba jua likiwa utosini, rekebisheni dari na madirisha bila kugusa viyoyozi, pimeni tena Februari, kisha wekeni wazi picha zote mbili pamoja na uniti zilizotumika, ziwe zimepungua au hazijapungua. Mimi na mafundi wenzangu tuko tayari kushika ngazi bila malipo katika jengo la Dar es Salaam, na kuonyesha tunavyosoma kila picha kwa yeyote mtakayemtuma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa umeme wa majengo,
Dar es Salaam.